Dawa ya Mmoja, Ugonjwa wa Wawili

Kama una watoto karibu na redio, uamuzi wa kuwaacha wasikilize ni wako. Sitatumia matusi, lakini sitazunguka mbuyu pia. Leo nazungumzia uke, magonjwa yake ya kawaida na dawa zake, na yale yanayotokea kitandani kabla ya dawa, dawa inapotumiwa, na hata siku nyingi baada ya dawa kwisha. Nazungumzia hapa kwetu mpakani mwa Kenya na Uganda, kutoka Malaba kwenye foleni ya malori hadi Busia sokoni.

Simama dakika chache katika duka lolote la dawa karibu na kituo cha forodha, saa moja jioni, biashara zinapofungwa. Anaingia mama, leso kiunoni, mikono bado ina vumbi la mahindi aliyokuwa akipima tangu asubuhi. Anasubiri wateja wanaume watoke. Kisha anaegemea kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, nipatie dawa ya UTI." Huyo anayeitwa daktari anauliza swali moja, pengine hata hilo halipo: "Inawasha ama inachoma?" Anahesabu vidonge vya Flagyl, anavitia katika bahasha ndogo ya kaki, anaandika 1x3 kwa kalamu, anaongeza kidonge kimoja cha fangasi. Mama analipa, anafunga bahasha kwenye fundo la leso, anatoka. Shughuli nzima haikufika dakika tatu.

Simlaumu huyo mama hata kidogo. Hospitali ni foleni, na foleni ni siku nzima ya biashara. Kule kuna chumba chenye watu wanne na mlango usiofungika, na muuguzi anaweza kuwa jirani yake wa kanisani. Dukani angalau kuna haraka. Lakini hebu tuangalie alichonunua.

Chini ya jina hilo la UTI, hapa kwetu tumefunika karibu kila kinachomsumbua mwanamke kutoka kitovuni kwenda chini. UTI yenyewe ni ugonjwa wa njia ya mkojo: unakojoa mara kwa mara, mkojo unachoma. Fangasi ni jambo jingine kabisa. Huleta muwasho mkali na uchafu mzito mweupe kama maziwa ya mgando, kwa kawaida bila harufu mbaya, na inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya wanne watawahi kuupata angalau mara moja maishani. Halafu kuna hali ambayo wataalamu huiita vajinosisi ya bakteria. Huleta majimaji mepesi ya kijivu na harufu kama ya samaki, na duniani takriban mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa anayo. Kuna trikomonasi, mdudu mdogo anayeogelea, anayepitishwa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 156 ya mdudu huyo, mengi kuliko ya kisonono, klamidia au kaswende. Na klamidia na kisonono ndizo hatari zaidi kwa sababu kwa wanawake wengi hazisemi lolote. Hakuna muwasho, hakuna uchafu, mpaka siku moja mirija ya uzazi imeziba au nyonga inauma bila kukoma.

Magonjwa haya hayatibiwi kwa dawa moja. Flagyl haiui fangasi. Kidonge cha fangasi hakigusi trikomonasi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kitakachofanya lolote kwa klamidia. Na vidonge vya cipro, ambavyo watu wa hapa wamevimeza kwa miaka mingi kwa ajili ya kisonono, havifai tena. Vijidudu vya kisonono nchini Kenya vimekuwa sugu kwa dawa hiyo, na siku hizi hutibiwa kwa sindano ya dawa nyingine. Zaidi ya hayo, antibiotiki zinazomezwa ovyo huua pia bakteria wazuri wanaokaa ukeni kuulinda, na wakiondoka hao, fangasi hupata nafasi. Ndiyo maana mwanamke anaweza kumaliza dozi Jumatatu na kuanza kuwashwa Alhamisi. Anarudi dukani. Anapewa nyingine.

Sasa tuingie chumbani, mahali ambapo mazungumzo ya afya huwa yanaishia mlangoni.

Harufu ya vajinosisi huzidi baada ya tendo. Sababu yake ni ya kikemia, haihusiani na uchafu wala tabia. Uke wenye afya una asidi, inayotengenezwa na wale bakteria wazuri. Shahawa hazina asidi. Zikikutana na majimaji ya vajinosisi, harufu hupanda papo hapo. Kwa hiyo mwanamke anaweza kushinda mchana kutwa bila kunusa kitu, halafu katika dakika ile ambayo angetaka kulala kifuani mwa mumewe, aibu inamkamata. Usiku unaofuata atasema amechoka, na wa tatu atasema kichwa kinauma. Mume hajaambiwa sababu, basi anajitafutia: pengine ana mtu upande wa Uganda, anakovuka kila siku na magunia yake. Nyumba inaanza kununa kwa sababu ya bakteria.

Na mwanamke huyo atafanya nini? Ataoga. Ataosha ndani kwa vidole, kwa sabuni ya kufulia au ya kuogea, kwa maji ya chumvi, kwa dawa ya kuua vijidudu iliyozimuliwa, na sasa sokoni kuna mpaka sabuni maalum za uke zenye manukato. Nasema kwa uchungu, kwa sababu anafanya hivyo kwa ajili ya mapenzi, na hicho ndicho kinachomzidishia. Kila anapoosha ndani anawaondoa walinzi wake. Huko Mombasa, kuanzia mwaka 1993, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wanawake waliojiosha ndani ya uke kwa sabuni walionekana kuwa na hatari ya kupata virusi vya ukimwi karibu mara nne kuliko wasiojiosha ndani. Nje, maji yanatosha. Ndani, uke hujisafisha wenyewe, na aliyekufundisha vinginevyo, hata kama ni shangazi aliyekupenda sana, alikuwa akikupa alichopewa na yeye.

Tendo lenyewe nalo hubadilika. Ngozi ya ndani yenye fangasi au trikomonasi imevimba na kuwa nyekundu, wakati mwingine ina michubuko midogo isiyoonekana. Kuingiliwa katika hali hiyo huuma kama kidonda kinachosuguliwa, na michubuko hiyo hiyo hurahisisha kupita kwa virusi. Lakini wanawake wangapi wamelelewa kuamini kwamba kuumia ni sehemu ya ndoa? Anauma midomo, anangoja yaishe. Mwili wake unajifunza. Safari nyingine, hata kabla hajaguswa, misuli ya nyonga inakaza yenyewe, majimaji ya kulainisha hayatoki, na maumivu yanakuwa makali zaidi kuliko yale ya ugonjwa. Hamu inaondoka kimya kimya. Wengi wao hudhani wamelogwa au wamezeeka.

Tukubaliane basi kwamba ametibiwa vizuri, kwa dawa sahihi. Mume je?

Hapa ndipo mpaka wetu unapokuwa na hadithi yake. Trikomonasi, klamidia na kisonono ni magonjwa ya watu wawili, na sheria yake inajulikana kila kituo cha afya: wote wawili watibiwe kwa pamoja. Wanaume wengi wenye trikomonasi hawana dalili yoyote. Mwanamume anajiona mzima, anakataa dawa, na mkewe aliyepona Ijumaa anaambukizwa upya Jumamosi na mtu asiyejua kwamba anaambukiza. Kumtibu mke peke yake ni kupiga deki huku paa linavuja. Hospitali humpa mwanamke karatasi ya kumpelekea mwenzake. Jiweke katika nafasi yake na karatasi hiyo mkononi. Kama mwenzake ni dereva wa masafa marefu, wakati majibu yanatoka yeye ameshapita Tororo, kesho yuko Kampala, baada ya hapo pengine Juba. Kama yuko nyumbani, karatasi hiyo inaweza kusomwa kama hati ya mashtaka, na wapo waliopigwa kwa kuileta.

Kwa hiyo naomba wanaume wanaonisikiliza walielewe jambo hili, maana limevunja nyumba bila sababu. Fangasi si ushahidi wa uzinzi. Mwanamke asiyewahi kuguswa na mwanamume anaweza kuupata. Vajinosisi nayo haithibitishi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Hata trikomonasi, ambayo kweli hupitishwa kwa kujamiiana, inaweza kukaa mwilini miezi mingi, wakati mwingine miaka, bila dalili, kwa hiyo kuipata leo hakukuambii iliingia lini wala ililetwa na nani. Kipimo cha maabara kinaonyesha mdudu. Hakionyeshi mwongo.

Kwa muda mrefu madaktari walisema vajinosisi ni shauri la mwanamke peke yake, na mume hahitaji kitu. Mwezi Machi 2025 fikra hiyo ilitikisika. Watafiti huko Australia waligawa jozi 164 za wapenzi wasio na mwenza mwingine katika makundi mawili. Wanawake wote walitibiwa. Katika kundi moja wanaume pia walimeza vidonge vya metronidazoli, ambayo ndiyo hiyo Flagyl yetu, na kujipaka krimu ya antibiotiki kwenye uume kwa siku 7. Katika wiki 12, vajinosisi iliwarudia wanawake 63 kati ya kila 100 ambao wanaume wao hawakutibiwa, na 35 kati ya kila 100 ambao wanaume wao walitibiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno kuendelea kuwaacha wengine bila dawa. Na jirani zetu wa Rakai, Uganda, walikuwa wametupa fununu tangu 2009: wake za wanaume waliotahiriwa katika utafiti uliofanyika huko walipatikana na vajinosisi pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wake za wasiotahiriwa. Kwa miaka yote hiyo mwanamke alikuwa akiambiwa ajisafishe.

Sisemi haya kuwanyooshea kidole madereva. Kwenye barabara hii ya kutoka Mombasa hadi Malaba wamechunguzwa sana. Marehemu Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walianza kuwapima madereva wa malori miaka mingi iliyopita pale Athi River, na tangu hapo wamehesabiwa, wakatolewa damu, wakagawiwa kondomu. Mwaka 2020 wakati wa korona, foleni ya Malaba ilipofika kilomita nyingi, walilaumiwa tena kama vile wao ndio ugonjwa. Dereva aliyeketi kwenye foleni hawezi kuacha mzigo wa watu saa nne asubuhi aende kupanga mstari hospitalini. Kliniki inafungwa jioni, na jioni ndipo yeye anapopata nafasi. Mahali pengi nchini vile vituo vidogo vilivyokuwa vikiwahudumia madereva na wanawake wanaouza ngono, bila maswali mengi, vilifungwa au kupunguza kazi baada ya Marekani kusimamisha misaada yake Januari 2025. Serikali ya kaunti ikitaka kufanya jambo moja tu kwa afya ya wanawake wa mpakani, ifungue kliniki ya usiku karibu na maegesho ya malori, Malaba na Busia. Dawa ya mke iko ndani ya kliniki hiyo ya mume.

Maabara nayo ina shida yake. Mdudu wa trikomonasi huonekana kwa darubini akiwa hai, akiogelea huku na huku kwenye tone la majimaji. Akiachwa kwenye kioo muda kidogo, anapoa, anaacha kusogea, na hapo hata macho mazuri hayamtofautishi na chembe nyingine. Sampuli inatakiwa kusomwa katika dakika chache. Katika kituo ambacho mtaalamu wa maabara ni mmoja na mbele yake kuna msururu wa vipimo vya malaria, dakika hizo hazipo. Ndiyo maana mahali pengi hutibiwa kwa dalili: uchafu wa namna hii, dawa za namna hii, zote kwa pamoja. Utaratibu huo umewaponya wengi, lakini kwa wanawake wenye klamidia isiyo na dalili haufai kitu, na wengine hupewa dawa za magonjwa ya zinaa wakati walikuwa na fangasi tu, wakarudi nyumbani na jina baya.

Kuna mambo kuhusu dawa zenyewe ambayo kaunta haina muda wa kuyasema. Dozi ya metronidazoli kwa trikomonasi kwa wanawake hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa kwa siku 7 kuliko ikimezwa yote kwa mkupuo. Usiishie njiani kwa sababu muwasho umetulia siku ya pili. Dawa hii huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, na maelezo ya dawa yanaonya kuhusu pombe, kwa hiyo mwanamume anayejua kuna busaa Jumamosi huahirisha dozi yake, na kuahirisha kwake analipa mwenzake. Vidonge na krimu za kuweka ukeni, nyingi zina mafuta, na mafuta hulegeza mpira wa kondomu. Hilo halisemwi kabisa. Mwanamke anatumia dawa ya fangasi, anatumia kondomu kwa uangalifu, na kondomu inapasuka. Katika siku hizo ni heri kupumzika. Na kama ni trikomonasi, klamidia au kisonono, mnapumzika mpaka nyote wawili mmemaliza dawa na dalili zimeisha. Kama dawa ilikuwa ya kumeza au kudungwa mara moja, hesabuni siku 7. Siku saba ni ndefu kwa mtu aliyerudi nyumbani kwa siku mbili, najua. Lakini mapenzi yana njia nyingi, na watu wazima wanazijua.

Kuna kina mama wa miaka hamsini na kuendelea ambao nawafikiria sana. Hedhi imekoma, homoni zimepungua, ngozi ya ndani ya uke imekuwa nyembamba na kavu. Tendo linauma, mkojo unachoma, wakati mwingine kunatoka damu kidogo. Wanapewa dawa ya UTI mwaka baada ya mwaka, na hawana maambukizi yoyote. Hata mama anayenyonyesha anaweza kukauka hivyo kwa miezi kadhaa. Dawa yao ni kilainishi chenye asili ya maji, au krimu ya homoni akiandikiwa na daktari, na damu yoyote baada ya hedhi kukoma ichunguzwe, isisingiziwe ukavu.

Kinachonikera zaidi katika haya yote ni kwamba kitabu cha kliniki kina nafasi ya kuandika uchafu umeisha. Hakina mahali pa kuandika kwamba mwanamke huyu sasa anaogopa kitanda chake. Vijidudu vimekufa, kadi imefungwa, na yeye anaendelea kukaza mwili kila usiku. Maumivu ya namna hiyo hutibika. Misuli iliyojifunza kukaza inaweza kufundishwa kulegea, polepole, kwa mazoezi ya pumzi na ya nyonga, bila kulazimishwa kuingiliwa kabla mwili haujawa tayari, na pamoja na mume aliyeelezwa kwamba hakataliwi. Na kama maumivu yako ndani, chini ya tumbo, hasa yakiambatana na homa au yakija tendo linapogusa kwa ndani, hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda maambukizi yamepanda kwenye kizazi na mirija, na kila wiki ya kungoja inapunguza nafasi ya kuzaa.

Basi dada, mama, wewe uliyefunga bahasha ya kaki kwenye leso mara ya tatu mwaka huu, safari hii usiende dukani. Nenda kituo cha afya, omba kuongea na muuguzi au daktari mwanamke kama ndivyo utakavyokuwa huru, omba mlango ufungwe, na usiseme UTI. Sema inawasha au inanuka, tangu lini, na kama inazidi baada ya kulala na mume. Taja dawa zote ulizomeza. Uliza kama mume naye atibiwe, na kama hawezi kuja, uliza kama unaweza kubeba dawa yake. Na usitoke kabla hujasema hili la mwisho, hata kama foleni nyuma yako inaguna: "Daktari, nikilala na mume wangu naumia."